Korosho Hazisemi Zimetoka kwa Nani

Mtawanya, Mtwara
Jumatatu, baada ya magharibi

Mwanangu Zuhura,

Salamu tumepeana tangu asubuhi, zimetosha. Mambo ya koti, ya cheti cha chanjo, ya kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua, baba yako ameyarudia mara tatu leo na wewe umeitikia mara tatu bila kumsikiliza. Sina la kuongeza huko. Barua hii nimeiweka juu ya nguo zako ili uione kabla hujafunga sanduku. Isome yote kabla ya gari la asubuhi. Usiende nayo ukaisomee ndani ya ndege, maana nataka upate nafasi ya kunitazama usoni, hata kama utanitazama kwa chuki.

Nataka kukuambia namna alivyokufa Atanasi, mume wa Roza, yule unayemwita mama mdogo ingawa si ndugu yangu wa damu. Wewe unajua alikanyaga bomu. Hakukanyaga bomu. Alipigwa mpaka akafa, mchana kweupe, mbele ya zahanati yangu, na neno lililomuua lilipita kwangu.

Ningenyamaza mpaka kaburini, sikufichi. Kilichonifumbua kinywa ni ile insha yako. Juzi ulitusomea maneno uliyoyaandika hata ukachaguliwa kwenda kusoma nje, ukitufasiria mstari kwa mstari. Ukasema unakwenda kutafiti kompyuta nyingi zinazosaidiana kuhudumia wagonjwa. Moja inajua homa tu, nyingine inajua hali ya maji, nyingine inajua dawa zilizobaki stoo. Hakuna inayojua yote na hakuna mkubwa wao. Zinaulizana, kila moja inasema inachokijua, na zikikubaliana nyingi basi jambo limeamuliwa. Baba yako akauliza kama zitakuwa na mwenyekiti, ukacheka mpaka ukamwaga chai. Halafu ukafika pale ulipoandika kwamba wazo lenyewe hukulitoa vitabuni. Ulilitoa kwa mama yako, muuguzi wa zahanati ya kijiji jirani na Mahurunga, aliyewaunganisha wahudumu watano wasiojua kusoma kwa korosho na bakuli. Wakubwa wa huko wamelipenda, nawe umeniita mwalimu wako wa kwanza. Nikainuka nikaenda jikoni, mkadhani nimekwenda kulia kwa furaha.

Zuhura, unakwenda kujenga akili ya mashine kwa mfano wa bakuli langu. Bakuli lile liliua mtu. Hilo ndilo ninaloogopa, kuliko hata kuogopa utakavyoniona baada ya kusoma hapa.

Ulikuwa mdogo, kwa hiyo unakumbuka uzuri wake tu. Mwaka ule ndio kwanza tumehamishiwa kijiji cha pamoja. Watu wa vitongoji saba walimwagwa mahali pamoja, wengine wakiwa bado na harufu ya moshi nguoni kwa sababu waliokataa kuhama paa zao zilitiwa moto. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita. Ndege zilisikika, na mara kwa mara tuliletewa mtu juu ya kitanda cha kamba, mguu mmoja umekatika gotini, mfupa mweupe umetokeza kwenye nyama. Nilizoea damu. Nilikuwa nakula muhogo kwa mkono ule ule nilioshikia mkasi, nikishanawa tu. Watu walipokuwa wakipiga kelele niliwafokea wanyamaze nifanye kazi. Ukali wangu wakauita ushupavu, nami nikaamini.

Zahanati ilikuwa na watu wawili, mimi na Chande, yule dresa mfunga vidonda, mwembamba, mpole kupita kiasi. Nyumba zilikuwa nyingi na sisi miguu minne tu. Ndipo nikachagua wahudumu watano, kila mmoja na nyumba zake za kuzungukia. Kalamu hawakuijua, na mimi sikuwa na muda wa kusikiliza hadithi za kila nyumba. Nikawaambia, kila mgonjwa wa kuharisha mnayemwona, tieni korosho moja kwenye fundo la kanga. Asubuhi wanakuja, wanafungua mafundo, wanamwaga korosho bakulini. Nahesabu, najua dawa kiasi gani niagize mjini. Kazi ya dakika tano. Nilijisifu nayo mbele ya kila mgeni aliyekuja na gari la serikali.

Chande aliliona kosa kabla yangu. Siku moja, wagonjwa wamejaa barazani, akaniambia, "Sista, hizi korosho zina walakini. Mtoto wa Mwanaiba yuko kwa baba yake, nyumba ya baba imemhesabu. Mjomba wake naye kamhesabu, maana mtoto ni wa ujombani. Bibi yake naye kamtaja. Mtoto mmoja, korosho tatu."

Alisema kweli. Kwetu Wamakonde mtoto ana kwao kwingi, na kila kwao hummiliki wote. Muuguzi wa kutoka bara angekosea kwa kutojua. Mimi nilikuwa najua, nimezaliwa humo, na bado sikutaka kusikia kwa sababu aliniambia mbele za watu. Nikamjibu, "Wewe kazi yako vidonda. Hesabu niachie mimi. Na usinisemeshe tena mpaka nikusemeshe." Akasema, "Haya, Sista." Akashika neno langu kama lilivyo. Siku nne tulifanya kazi chumba kimoja bila kusemeshana, ananipa mkasi bila kufungua mdomo, nami najiona mshindi.

Katika siku hizo nne kuharisha kukazidi. Visima vilikuwa vimekauka hadi tope, ndiyo kawaida ya msimu wa korosho. Watoto wawili walikufa, mmoja mikononi mwangu, macho yamezama, ngozi ukiibana hairudi. Bakuli likajaa mpaka korosho zikaanguka mezani. Siku ya nne nilihesabu arobaini na moja. Niliwaambia watu idadi ile, niliitangaza barazani kwa sauti. Laiti ungeziona nyuso zao. Wanaume walianza kuulizana ni nani anatumaliza.

Asubuhi ya siku ya tano Chande aliondoka na trekta la kijiji kwenda mjini kuchukua chupa za maji ya mshipani. Hakuniaga. Saa ile ile wakaja wahudumu. Wa kwanza akafungua fundo lake, akaniinamia sikioni.

"Sista, kuna ntu kaonekana kisimani alfajiri. Anamwaga unga mweupe."

"Mtu gani?"

"Yule wa ng'ambo. Atanasi."

Atanasi alikuwa mchimba visima. Alikuja na Roza wakikimbia mabomu, Mmakonde kama sisi, ila wa upande wa pili wa mto, Mkristo, mkimya, na kijijini hakuwa na ukoo hata mmoja. Roza siku hizo alikuwa Nanyamba, amekwenda kuokota korosho kwenye mashamba ya watu. Hakukuwa na mjomba wa kumsimamia, wala bibi, wala shemeji. Katika kijiji ambacho mtoto mmoja huhesabiwa mara tatu, yeye hakuna aliyemhesabu.

Akaja mhudumu wa pili, neno lile lile. Wa tatu hivyo hivyo. Sikumuuliza hata mmoja, wewe umeona au umesikia. Nikawaambia kila anayelijua jambo hili aweke korosho yake mezani, mbali na bakuli. Zikawa tano. Nikaziangalia nikasema moyoni, wahudumu watano, nyumba mbalimbali, wote neno moja, hili limethibitika. Ni kama kompyuta zako, mwanangu. Zimekubaliana.

Wakati huo wanakijiji walikuwa wameshamkamata Atanasi. Walimkuta nyuma ya nyumba yake ananawa mikono, na mikono ilikuwa na weupe hadi viwikoni. Walimburuta kwa shati mpaka likachanika, wakamtupa mbele ya baraza. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anahema, fimbo mkononi. Nadhani alitaka nimwambie hapana. Aliniuliza mbele ya watu wote, "Sista, wewe ndiye mwenye hesabu. Ni kweli?"

Nikazichukua zile tano nikazinyanyua kiganjani ili wote waone. Nikasema, "Watu watano."

Atanasi akanigeukia. Usoni hakuwa na hofu, niamini. Alikuwa na uso wa mtu aliyemwona mwenziwe amefika. Akasema, "Sista, waambie!"

Mimi nikadhani ananiomba huruma. Nilikuwa nimezika watoto wawili wiki ile na hasira ilikuwa imenifika hapa kooni. Nikamjibu, "Waambie mwenyewe!"

Pigo la kwanza lilikuwa la mchi. Mwanamke alilipiga, mama wa mmoja wa wale watoto, na simtaji jina kwa sababu yeye aliamini neno langu. Lilimpata begani, nikasikia mfupa unavunjika, nami nausikia mfupa kwa jina lake. Akainuka kwa goti moja, anasema tena, waambie, waambie. Mpini wa jembe ukamshukia mdomoni, baada ya hapo hakusema. Wakamzingira, sikuona tena ila mikono inapanda na kushuka. Mimi, mwanangu, nilisimama barazani na gauni langu jeupe. Sikupiga. Muda mrefu nilijifariji kwa hilo. Sikuzuia pia, na wangenisikiliza mimi kuliko mtu yeyote pale. Lilipotua pigo la kichwani, mlio wake ulikuwa wa kibuyu kinachopasuka, na wote wakarudi nyuma kwa pamoja. Nilikwenda kumshika shingoni kutafuta mapigo. Vidole vyangu vilizama mahali pasipotakiwa kuwa laini.

Trekta lilirudi alasiri. Chande akashuka na boksi la chupa kifuani, akaona watu wamekaa kimya, akaona shuka. Akalifunua. Nakumbuka aliliweka boksi chini taratibu sana, chupa isivunjike. Kisha akanisemesha, siku ya tano.

"Sista, huyu nilimtuma mimi."

Nikamwambia, "Umemtuma nini?"

"Dawa ya kisima. Ule unga wa kuua vijidudu. Ni yeye tu anayeweza kushuka mle ndani. Nikamwambia aende alfajiri kabla akina mama hawajaja kuteka, na mtu akimuuliza aseme Sista anajua."

"Mbona hukuniambia?"

Hakuwa na ukali hata kidogo, ingekuwa afadhali angenitukana. "Ulisema nisikusemeshe."

Kesho yake nilizunguka nyumba zote kwa miguu yangu, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Korosho arobaini na moja zilikuwa watu kumi na watano. Wale wahudumu watano niliwahoji mmoja mmoja. Hakuna aliyesema uongo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Asubuhi ile, kabla ya kuja kwangu, wote walikuwa wamekaa mkeka mmoja kwenye matanga ya mmoja wa wale watoto, na wote walisikia kwa mtu mmoja, Bi Hadija. Nikaenda kwa Bi Hadija. Bibi wa watu akaniambia, "Nilinwona ntu, mwanangu, na kitu cheupe. Nikasema labda ni yule wa kisima." Bi Hadija alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Barua ya kumpeleka hospitali kubwa niliiandika mimi mwenyewe mwezi uliotangulia.

Basi watu watano walikuwa mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa haoni.

Baada ya hapo ndipo tulipokubaliana kweli kweli, kijiji kizima, bila korosho. Tulikubaliana kwamba Atanasi alikanyaga bomu huko mtoni. Hakuna aliyeitisha mkutano. Mwenyekiti alikuja na karatasi, nami nikaandika sababu ya kifo, mlipuko, nikatia sahihi. Roza aliporudi kutoka Nanyamba alionyeshwa kaburi. Akalia wiki nzima nyumbani kwangu, nikimlisha uji kwa kijiko. Chande aliacha kazi kabla ya mvua, akaenda kulima kwao. Alikufa bila kumwambia mtu, na sijui kama alinyamaza kwa kunionea huruma au kwa kunidharau.

Wewe wakati huo ulikuwa Mikindani kwa bibi yako, nilikupeleka kukukimbiza ugonjwa. Uliporudi, jambo la kwanza uliniuliza, "Mama, korosho zako ziko wapi?" Nilikupiga. Nilikupiga kwa ukuni mpaka ukakatika, baba yako akaja kukunyang'anya mikononi mwangu. Unaamini mpaka leo kwamba ilikuwa kwa sababu ulivunja chungu njiani. Chungu kilikuwa cha senti chache. Nilikupiga kwa sababu ulitaja kitu nilichokuwa nimekitia moto. Nisamehe, Zuhura. Nakuomba kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa miaka yote hii.

Sikatai kazi yako. Ungekuwepo mwaka ule na mashine zako, labda watoto wale wawili wangepona. Wagonjwa ni wengi, wauguzi ni wachache, na watu hawawezi kuwa kila mahali. Ninachokijua mimi ni kimoja, na nimekilipia kwa damu isiyo yangu. Mashine zako zikija kwako zote na neno moja, usifurahi upesi. Iulize kila moja, hili umeliona au umeambiwa, na aliyekuambia ameambiwa na nani. Zipe na njia ya kusema sijui. Wahudumu wangu hawakuwa nayo, maana nilikuwa nawafokea waliokuja na fundo tupu. Na ile moja itakayokuambia hesabu yako ina walakini, hata ikikuambia mbele za watu, usiinyamazishe. Hili la mwisho si la mashine tu. Una mdomo wangu na una hasira zangu. Nakuona unavyomjibu mdogo wako akikusahihisha.

Sasa nikuambie la leo.

Adhuhuri, nilipowaaga kwamba naenda sokoni, nilikwenda kwa Roza. Nilimkuta anachemsha mizizi ya ming'oko ya kuuza. Akanivutia kigoda, akauliza kama mizigo ya mtoto imefungwa. Nikamwambia nina neno. Nikamwambia lote kama nilivyokuandikia wewe, nikiwa nimesimama, sikukikalia kile kigoda. Nilipofika pale Atanasi alipoita Sista waambie, akachomoa mwiko sufuriani akanipiga nao usoni. Jioni uliniuliza shavu limefanyaje, nikakwambia ukuni umenirukia. Uongo. Ni Roza. Alinipiga mara ya pili, na ya tatu, nami sikuinua mkono, mpaka mwiko ukamponyoka.

Kisha akakaa chini kwenye vumbi. Akasema, "Mama Zuhura, nimekula Idi kwako miaka yote hii. Ntoto wako nimembeba mgongoni."

Nikasema, "Ndiyo."

"Yeye anajua?"

"Bado."

"Basi kamwambie leo. Asiende huko kuwasifia watu zile korosho zako. Akiandika, na aandike Atanasi alikuwa anatia dawa."

Nimemwambia akitaka kwenda polisi nitakwenda naye, njia moja, na kile cheti cha uongo nitakisema ni mkono wangu. Nilipokuwa natoka akaniuliza gari lako linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili. Akasema atakuja kukuaga.

Kwa hiyo asubuhi utatukuta wote wawili stendi. Sijui atasimama karibu yangu au mbali, sijui kama atanisemesha, na wewe mwenyewe sijui utakuja upande wangu na uso gani. Sitakulazimisha. Nakuomba jambo moja tu la adabu, ukifika pale, mpe shikamoo yeye kwanza.

Mama yako,
Somoe